Hesabu ya Ndege Asubuhi ya Baridi

Sisi watu wa pwani hatuijui jalidi. Tunaisoma katika vitabu vya jiografia, na kusikia habari zake kwa wenzetu wa Limuru na Nyandarua, ambao baadhi ya asubuhi huamka wakaona majani meupe kana kwamba yamenyunyiziwa unga. Mkaazi wa Changamwe husema kuwa baridi inamwua siku ambayo joto limeshuka likakaribia nyuzi 20, na akitoka nje hujifunika shuka mpaka masikioni. Msomaji wa bara atacheka, na ana haki ya kucheka. Hata hivyo, kila mwaka jalidi hutuletea habari zake hapa Mombasa, na wajumbe wake ni ndege.

Mbali sana kaskazini, katika rasi ya Taimyr kule Siberia, kuna ndege wadogo wa pwani ambao huzaa katika majira mafupi ya joto. Mwezi wa Juni theluji imeyeyuka, ardhi imelainika, na wadudu ni wengi. Chakula cha vifaranga kinapatikana bila taabu. Lakini majira hayo hayadumu. Baada ya wiki chache jalidi hurudi, matope yakawa magumu kama jiwe, na ndege ambaye riziki yake ni kutia mdomo matopeni hana tena cha kula. Basi hawangoji mpaka mlango ufungwe. Wakubwa huondoka kwanza. Vifaranga wa mwaka ule, ambao hawajapata kuiona bahari ya kusini, hufuata baadaye, bila ya baba wala mama wa kuwaonyesha njia. Ndege mmoja hafiki uzito wa gramu 100, na safari yake mpaka kwetu hupita kilomita 8,000. Huanza kuwasili mwezi wa Agosti, na wengine huendelea kuja Septemba na Oktoba, wakati pepo za kusi zinapolegea.

Utotoni mwangu niliwaita wote vitwitwi, kama walivyoitwa na kila mtu mtaani kwetu. Mmoja tu tulimpa jina lake mwenyewe, naye ni sululu. Huyu ni mkubwa kuliko wenzake, rangi yake ni ya udongo, na mdomo wake mrefu umepinda kuelekea chini, kama chombo kile cha kuchimbia ambacho jina lao ni moja. Hula kaa. Sauti yake ni mluzi mwepesi unaorudiwa mara saba au karibu ya hapo, na mtu aliyeusikia mara moja usiku hausahau.

Habari ninayotaka kueleza ilitokea Changamwe, kando ya hori ya Port Reitz, na ilianza kwa msiba wa mahali. Mwaka 1988 mafuta mengi yalimwagika katika maji ya Makupa. Maji yakawa meusi, na baadaye mikoko mingi ikakauka ikiwa imesimama. Nilikuwa na umri wa miaka 13. Babu yangu, mzaa mama, alikuwa mzee aliyefanya kazi ya ubaharia katika majahazi tangu ujana wake, akaenda Lamu na Arabuni kwa pepo za kusi na kurudi kwa kaskazi. Wakati huo macho yake yalikuwa yameingia giza kabisa. Alikaa barazani kutwa nzima, akinusa upepo na kusikiliza. Watu walipokuja kumweleza habari za mafuta, aliwauliza habari za samaki, kisha za mikoko, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyeweza kumjibu: "Na wale wageni wa kaskazini, watarudi?"

Wazee wenzake walidhani kuwa uzee umemzidi. Mimi niliitwa siku ile ile, nikatumwa dukani kununua daftari. Kazi yangu ikawa kwenda pwani kila Jumamosi na Jumapili alfajiri kuanzia Agosti, kuwahesabu ndege, na kurudi kumsomea Babu nilichoandika. "Wao wamekuwa na macho siku zote," alisema juu ya majirani, "lakini hawakuhesabu. Sasa wakiulizwa kama ndege wamepungua, kila mmoja atatoa jibu la moyo wake."

Alinifundisha kazi yenyewe kwa utaratibu, kama afundishaye kufunga tanga. Jambo la kwanza lilikuwa maji. Ndege hawa hula maji yanapokupwa, wakatawanyika juu ya matope hata jicho lisiweze kuwakusanya. Maji yakijaa hawana pa kukanyaga. Hapo hukusanyika pamoja mahali palipo juu na kungoja. Katika hori yetu vitwitwi walikusanyika juu ya fungu dogo la mchanga, na sululu juu ya matawi ya mikoko. Basi mwenye kuhesabu hana budi kuujua mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri. Mtu akifika kabla ya jua kuchomoza atawakuta ndege bado wamebanana.

Jambo la pili lilikuwa hesabu. Babu alinipa kete 30 katika mfuko wa kitambaa. Nilitakiwa niwahesabu ndege kumi kwa uangalifu, nitazame wamechukua nafasi gani, kisha nilipime kundi zima kwa nafasi ile, na kwa kila kumi nitoe kete moja mfuko wa kulia niitie mfuko wa kushoto. Nikimaliza nianze tena upande wa pili. Hesabu mbili zikitofautiana sana, nihesabu mara ya tatu. Wiki za kwanza niliona ni mchezo. Baada ya miezi miwili nilianza kuwatambua ndege kwa mwendo wao: yule akimbiaye hatua chache kisha akasimama ghafula, yule adungaye matope kama cherehani, na yule atembeaye peke yake kwa heshima kama karani aliyechelewa lakini hataki kukimbia. Walikuwapo yangeyange pia, weupe na weusi, lakini hao ni wenyeji na Babu hakuwatilia maanani.

Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba mwaka 1989, kusi ilivuma usiku kucha, na kabla ya alfajiri ikanyesha manyunyu. Niliposikia Babu akikohoa chumbani mwake nilijua kuwa saa imefika. Nilitoa mguu mmoja nje ya shuka, nikaurudisha. Nilijiambia kuwa nitalala kidogo tu mpaka upepo utulie. Nilipofumbua macho tena, mwangaza ulikuwa umejaa dirishani, na wanawake walikuwa wanarudi bombani na ndoo zao.

Nilishika daftari nikakimbia. Kulikuwa na baridi hata huko pwani, na matope yalinibana miguu. Nilipofika ukingoni, fungu lilikuwa tupu. Maji yalikuwa yamerudi nyuma sana, na juu ya matope yote, mpaka ng'ambo ambako macho hayafiki, palikuwa na nukta nyeusi zinazotembea. Pengine zilikuwa 100, na pengine zilikuwa 500. Nilijaribu kuhesabu mara moja, nikachanganyikiwa. Kisha ndege ya abiria ikapita juu ikishuka uwanjani, nukta zote zikaruka na kutua mahali pengine. Nilisimama nikitetemeka. Halafu nikafungua ukurasa wa wiki iliyopita, nikatazama hesabu zake, nikaongeza kidogo huku na kupunguza kidogo kule, nikaandika: sululu 42, vitwitwi 260. Hesabu hiyo ilipendeza. Hapana mtu ambaye angeishuku.

Babu alinipokea barazani kama desturi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umewaona?"

"Nimewaona, Babu. Sululu arobaini na wawili, na vitwitwi mia mbili na sitini."

"Walikuwa wapi?"

"Sululu walikuwa juu ya mikoko, na vitwitwi juu ya fungu, wamebanana."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kwa upole, "Usiku wa jana mwezi ulikuwaje?"

"Ulikuwa mpevu, Babu."

"Na mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri."

"Na wewe ulitoka nyumbani saa ngapi?"

Sikujibu. Nilitazama vidole vya miguu yangu, ambavyo matope yake yalikuwa yameanza kukauka.

"Nilisikia komeo la mlango wakati jua lilikuwa limekwisha nigusa usoni," akasema Babu. "Saa hiyo fungu lilikuwa kavu upande huu na upande huu. Kitwitwi ametoka Urusi na njaa yake. Hawezi kukaa juu ya mchanga akikutazama wewe, hali chakula chake kimefunuliwa. Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu, na ya kwako imeishia majini."

Nilingoja fimbo, kwa kuwa fimbo ilikuwapo. Badala yake aliniambia nichukue kalamu. Nilifikiri nitafuta ukurasa au kuuchana, na kwa kweli nilikuwa nimekwisha ushika. Akanizuia kwa kusikia sauti ya karatasi.

"Usichane. Piga mstari mmoja juu ya hesabu hiyo, lakini isomeke. Chini yake andika: Leo sikuhesabu."

"Lakini, Babu, daftari litakuwa na pengo."

"Pengo halimdanganyi mtu," akajibu. "Atakayeliona atajua kuwa siku hiyo mlinzi alilala. Lakini hesabu yako ya uwongo imevaa nguo za hesabu za kweli, na imeketi katikati yao. Nani atakayeitambua ili aitoe? Mtu akiiona moja, itampasa azishuku zote, hata zile ulizoamka kuzitafuta kwenye umande."

Niliandika kama alivyosema. Maneno mawili yale yaliniumiza kuliko fimbo, maana yalikuwa kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nimekua sasa, nami ni mwalimu, na nimepata kuelewa mambo ambayo Babu hakuyasoma popote. Tangu mwaka 1967, kila Januari, watu wa nchi mbalimbali hutoka kuwahesabu ndege wa majini, na Kenya ni miongoni mwa nchi zinazofanya kazi hiyo. Katika vilima vya Ngulia, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 wataalamu wamekuwa wakiwanasa ndege wasafiri katika nyavu usiku wa ukungu, wakiwavalisha pete nyepesi mguuni na kuwaachilia. Baadhi yao wamepatikana tena Arabuni na Urusi. Mwaka 2024 ilitangazwa kuwa yule kitwitwi wa Siberia mwenye mdomo uliopinda ameingia katika daraja la viumbe walio hatarini, kwa kuwa idadi yake duniani imeshuka. Je, jambo kama hilo limejulikanaje? Hakuna aliyewahi kuwaona wote kwa pamoja. Limejulikana kwa daftari nyingi ndogo za watu walioamka alfajiri katika pwani nyingi, kila mmoja akaandika alichokiona, wala hakuandika alichokitamani. Ikiwa mmoja katika kumi alilala kama mimi na kujaza ukurasa kwa kubuni, ndege wangekwisha huku karatasi zikisema wapo.

Tena tunao mfano wa upande wa pili. Kunguru wa Bara Hindi, mwenye shingo ya kijivu, hakuwa mwenyeji wetu. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka, na hapa Mombasa alionekana mara ya kwanza mwaka 1947. Babu alikuwa mtu mzima wakati huo, na aliukumbuka mji usio na kunguru hao. Walipokuwa wachache walionekana kuwa kichekesho tu. Leo wamejaa Likoni, Kisauni, Changamwe na kisiwani, wanakula mayai na vifaranga vya ndege wengine, na mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa kadiri ya milioni moja. Adui aliyehesabiwa mapema, akiwa kumi, ni rahisi kuliko adui anayehesabiwa kwa milioni.

Lakini nataka kurudi kwa Babu, kwa sababu mtihani wangu mkubwa haukuwa ule wa usingizi.

Mwaka 1991 alishikwa na maradhi ya kifua, na mwezi wa Septemba ulipofika hakuweza tena kukaa barazani. Alilala chumbani, dirisha limefunguliwa upande wa bahari kwa amri yake. Usiku alisikiliza. Aliniambia kuwa hajausikia mluzi wa sululu mwaka huo, lakini pengine masikio yake nayo yameanza kufuata macho. Alfajiri ya siku ya bamvua nilitoka mapema kuliko siku zote. Kulikuwa na baridi ya kusi na nyota zilikuwa bado mbinguni. Nilikaa ukingoni mpaka kukapambazuka, maji yamejaa mpaka chini ya mikoko iliyokufa, na kila kitu kimya. Nilihesabu sululu mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Nilizunguka nikahesabu kutoka upande mwingine. Walikuwa 9.

Mwaka uliotangulia walikuwa 31. Njiani nilitembea polepole, na kete moja tu ilikuwa mfukoni mwangu, nayo haikustahili kuhamishwa, maana hata kumi hawakutimia. Nilijua swali ambalo Babu angeniuliza, na nilijua jibu ambalo lingempa raha. Safari hii sikuwa mvivu. Nilikuwa na huruma. Nilijiambia kuwa mgonjwa hana haja ya hesabu, ana haja ya faraja. Kwamba daftari naweza kuandika kweli, na mdomo nikasema lingine. Mbele ya kitanda chake, maneno "arobaini, Babu" yalikuwa yamekwisha fika ulimini.

"Wangapi?" akauliza.

Mkono wake ulikuwa juu ya daftari, ukilipapasa jalada lake. Nikaona kuwa siwezi.

"Tisa, Babu. Nimehesabu mara tatu."

Alinyamaza hata nikadhani amelala. Kisha akasema, "Basi andika tisa. Mwakani mtu akihesabu akapata kumi, atajua kuwa mmoja amerudi, naye atafurahi. Ukiandika arobaini leo, siku atakapowaona kumi atalia, na ilikuwa haki yake afurahi." Baada ya kupumua kidogo aliongeza, "Na mimi nimejua kuwa masikio yangu bado ni mazima. Hilo nalo ni jambo."

Alifariki kabla ya kaskazi kuanza kuvuma.

Mwaka uliofuata nilikwenda peke yangu, bila ya kutumwa na mtu, siku ya bamvua ya Septemba. Manyunyu yalikuwa yananyesha. Sululu walikuwa 14. Sikujua kama waliongezeka kwa kuwa matope yalikuwa yameanza kujisafisha, au kwa sababu nyingine iliyoko huko mbali wanakotoka. Ndege mmoja anategemea nchi nyingi, na hori yetu ni moja tu kati yake. Nilijua hili tu: walikuwa watano zaidi ya mwaka ule. Niliweza kufurahi kwa kipimo, bila kujidanganya, kwa sababu hesabu ya 9 ilikuwapo katika daftari ikiningoja.

Kijana msomaji, huenda mahali unapokaa hapana hori wala bahari. Lakini hapakosekani mti wenye viota, au bwawa, au shamba linalotembelewa na wageni wenye mbawa katika majira fulani ya mwaka. Huhitaji chombo cha gharama. Utahitaji daftari, saa ya kuamka, na moyo wa kuandika "sikuhesabu" siku uliyolala. Kazi hii haina tuzo ya haraka, wala jirani zako hawataielewa mwanzoni. Mwaka wa kwanza ni orodha tu. Mwaka wa tano itakuwa imeanza kusema jambo ambalo hapana mtu mwingine mtaani anayelijua.

Daftari lile ninalo mpaka leo. Jalada lake limeliwa na mende, na wino wa kurasa nyingi umefifia. Wanafunzi wangu wanapolitazama hupita haraka juu ya hesabu, lakini wote husimama katika ukurasa mmoja wa Septemba 1989, wakauliza mstari ule ni wa nini. Huwaeleza. Kisha Jumamosi inayofuata huja pamoja nami ukingoni kabla ya jua, wamejifunika shuka, wakilalamikia baridi.